Matanga ya Obadia wa Amerika

Mtu akitaka kujua kwa nini nywele zangu ziliniacha kabla ya meno, asimwulize daktari. Aulize pale Amalemba, Kakamega, habari za Jumamosi moja, mwaka uliofuata Uhuru, tulipomfanyia matanga mtu aliyekuwa amekufa tangu miaka hamsini, akazikwa kwao Amerika, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga kivuli chake. Nitaeleza yote. Ila naomba nisikatizwe, maana siku ile nilikatizwa hadi uvumilivu wangu ukahama, na haujarudi.

Wakati huo nilikuwa nimestaafu ukalimani wa kortini. Maisha yangu yote nilisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, nikibeba maneno ya huyu kumpelekea yule, kama punda wa mzigo usio wake. Nilikuwa hodari. Kuna shahidi mmoja alikohoa tu, nikakitafsiri kile kikohozi kwa Kiingereza hata hakimu akatoa leso, na mshtakiwa akaenda kula chakula cha mchana kwake. Wapo wasioamini hadithi hiyo. Hao wote hawakuwepo.

Kiingereza sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa vitabu vitatu: kitabu cha nyimbo za kanisa, mwongozo wa magonjwa ya ng'ombe, na kamusi iliyoliwa na mchwa kuanzia herufi ya M mpaka mwisho. Kwa hiyo naweza kuzungumza na Mzungu siku nzima juu ya dhambi na kupe. Lakini vitabu vile nilikuwa nimevisoma hadi vikanichoka. Nimestaafu, nina kiti, nina wakati, nina macho mazuri, na sina cha kusoma. Hiyo ndiyo njaa iliyoniponza.

Basi akatokea Bwana Hobbs, kijana Mmarekani aliyekuja kufundisha shule ya upili, mwembamba kama mti wa bendera. Alikuwa na masanduku ya vitabu yaliyotoka kwao. Vingine viliandikwa na mjomba wa mama yake, Obadiah Crump, mwandishi ambaye Wamarekani walikuwa wakimcheka nchi nzima, si kwa ubaya, bali kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuchekesha. Vingine mzee huyo alivinunua mwenyewe akiwa hai. Bwana Hobbs alitaka kuvitoa vyote viwe maktaba ya watu wa Amalemba. Nyuma ya ukumbi wetu kulikuwa na chumba kitupu. Nilipokitazama nilijiona ndani yake, kwenye kiti, mvua inanyesha, kitabu mkononi, hakuna anayeniita.

Shida ilikuwa Patroba. Patroba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, na chumba kilekile alikitaka kiwe kilabu cha kuuza pombe.

"Mzee Sylvanus," akaniambia mbele ya kamati, "kitabu hakijawahi kumtolea mtu kiu."

"Na pombe haijawahi kumtolea mtu ujinga."

"Hapana. Lakini inamsaidianga kuusahau."

Kamati ikacheka, nami nikajua nimeanza kushindwa. Mwisho wakaafikiana hivi: Bwana Hobbs aite watu Jumamosi mchana, aeleze maisha ya huyo mjomba wao, mimi nitafsiri. Watu wakikaa mpaka mwenyewe aseme amemaliza, chumba ni cha vitabu. Wakimtoka kabla hajamaliza, ni chumba cha chupa. Patroba alitia mkono wangu katika mkono wake akautikisa kama anayeng'oa muhogo.

Nikaenda nyumbani, nikamwambia mke wangu Beldina, ambaye alikuwa akiuza mboga sokoni: "Mama Mideva, Jumamosi kuna mkutano wa kumkumbuka mtu mkubwa aliyefariki, anaitwa Obadia. Waambie watu waje wengi."

Ni hayo tu niliyosema. Lakini mke wangu akipewa neno asubuhi, mchana limeota miguu, jioni limezaa. Kufikia Ijumaa, soko zima lilijua kwamba Obadia amekufa. Wengine walisema ni Obadia wa Kaimosi, wengine wakasema hapana, ni yule aliyekuwa na lori. Mtu mmoja alinishika mkono barabarani akanipa pole. Nikaipokea. Ningefanya nini? Alikuwa na haraka, na pole hairudishwi.

Jumamosi nilipofika ukumbini, miguu ilikataa kuingia. Wanawake walikuwa wamejifunga leso za kilioni, vichwani wana vyungu vya obusuma, ugali wetu, kwapani wana ingokho, kuku hai wanaopiga kelele kuliko wao. Vijana walikuwa wanakaza ngozi za isukuti, zile ngoma zetu ambazo zikilia hata kiwete anatingisha kidole. Dauda, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mumias, alikuwa ameketi safu ya mbele na kofia yake nyeupe, anatikisa kichwa kwa huzuni. Na mlangoni Protus wa Shinyalu alikuwa ameshika kamba ya fahali mweusi, mkubwa kiasi kwamba alipogeuka, ukumbi ulipata kivuli.

"Mulembe, mzee," akasema Protus. "Pole na msiba. Nimeleta Serikali."

"Serikali gani?"

"Huyu fahali. Tunamuita Serikali kwa sababu akiingia, nyinyi mnatoka."

Kwetu mtu mkubwa hakumbukwi kwa maneno matupu. Fahali lazima apitishwe, akanyage pale marehemu alipokanyaga. Nikamtafuta mke wangu, nikampata anapanga vyungu.

"Mama Mideva, umewaambia nini watu hawa?"

"Kile uliniambia. Obadia amekufa."

"Amekufa miaka hamsini iliyopita!"

"Hiyo hukuniambia," akasema, hakuinua hata macho. "Na kwani amefufuka?"

Hapo Bwana Hobbs akafika. Alikuwa amevaa koti la kijani la zamani, kubwa, limepoteza vifungo. Ndilo koti ambalo marehemu mjomba alikuwa akilivaa kila aliposimama mbele za watu. Kijana wa watu alipoona umati ule, macho yalimlowa.

"Mzee Sylvanus! Sijapata kuona wasomaji wengi hivi!"

"Wanapenda sana," nikasema.

"Na yule ng'ombe?"

"Yeye pia."

Mnafikiri ningemwambia kweli? Viti vilikuwa vimejaa, madirisha yamejaa, na Patroba alikuwa amesimama pembeni, ameanza kuuma midomo. Kweli nayo ina wakati wake, na wakati wake haukuwa ule.

Basi tukaanza. Bwana Hobbs akafungua karatasi zake, nami nikasimama kando yake kama zamani za kortini.

"Obadiah Crump," nikatafsiri, "alizaliwa katika kijiji cha watengeneza ngozi..."

"Ukoo gani?" akauliza mzee mmoja.

"Anasema ukoo gani," nikamwambia Hobbs.

"Ukoo? Crump."

"Hao hatuwajui. Mama yake alitoka wapi?"

Bwana Hobbs akapekua karatasi. Hakujua. Ukumbi ukaguna. Mtu hawezi kuletwa mbele za watu hajulikani mama yake ametoka wapi.

Tukasonga. Nikaeleza kwamba baba yake alikufa Obadia akiwa mdogo, akaacha shule, akawa mwanafunzi wa kinyozi. Nikaeleza kwamba pale kwa kinyozi ndipo alipojifunza kusimulia, maana mteja mwenye povu la sabuni mdomoni hawezi kukubishia. Hapo Bwana Hobbs alitua, akatabasamu, akangoja kicheko. Hakikuja. Watu walimtazama kwa huruma, kama wanaosema kijana ameacha shule, masikini.

Kisha mvua ikaja. Ninyi mnaijua mvua ya Kakamega, haina adabu ya kubisha hodi. Ilianguka juu ya mabati kama lori linalomwaga kokoto. Bwana Hobbs akapaza sauti, nami nikapaza zaidi, na wale waliokaa nyuma wakawa wanauliza wa katikati, wa katikati wanawajibu wanavyotaka. Mimi nilisema Obadia aliuza majembe ya kukokotwa na farasi akizunguka vijijini. Kilichofika nyuma ni kwamba Obadia aliiba farasi. Mama mmoja akaanza kumtetea kwa sauti.

"Alikufa kwa nini?" mwingine akapiga kelele.

"Bado hajafa!" nikajibu. "Ndiyo kwanza anauza majembe!"

"Si mmetuita kwa sababu amekufa?"

"Atakufa! Ngojeni!"

Bwana Hobbs akanivuta mkono. "Wanasema nini?"

"Wanataka kujua sehemu inayofuata."

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyomletea sifa. Obadia alikuwa ameanza kuandika gazetini, akaandika kisa cha nyumbu aliyesimama uchaguzi wa udiwani akashinda, kwa sababu katika wagombea wote ni yeye peke yake ambaye hakuahidi kitu. Kwa kisa hicho Amerika nzima ililijua jina lake. Reli zilimbeba mji kwa mji akasimulie, watu wakakanyagana mlangoni. Nikakitafsiri kwa ufundi wangu wote. Nilitengeneza hata masikio yake marefu kwa viganja.

Mvua tu.

Protus ndiye aliyesema: "Sasa makosa iko wapi? Si alishinda vizuri?"

Bwana Hobbs akageuka kwangu, shingo imeota madoa mekundu. "Umetafsiri neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, na mengine nimeongeza bure."

"Basi kwa nini hawacheki?"

Nilimwona Patroba akitabasamu, nikataka kumtupia kuku. Mimi nilijua kwa nini hawacheki, na kujua huko ndiko kulinichoma. Watu wetu si mawe. Matangani watu hucheka mpaka mbavu zinaomba ruhusa. Lakini kicheko cha matanga kina mlango, na mlango una mtu wake. Mpaka mmoja avae nguo za marehemu, atembee kama yeye, aseme kama yeye, hakuna anayethubutu kuonyesha jino; atakuwa amemcheka maiti. Na mtu wa kazi hiyo katika pande zetu alikuwa Roda, mjane mzee, mfupi, ambaye aliwahi kumwiga chifu mmoja marehemu hadi mkopeshaji wake akainuka kumdai. Roda alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono imekunjwa. Huyu marehemu hakuwa wake. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Ningemwitaje? Ningemwambia Mmarekani avue koti la mjomba wake ampe bibi asiyemjua?

Tukaendelea kuzama. Kitabu chake kikubwa, chenye juzuu mbili, kilikuwa hadithi ya ndugu wawili waliorithi nyumba moja ya mbao wasipatane mahali pa kuishi, wakaifunga magurudumu, wakaivuta kwa maksai nchi nzima wakigombana. Kusikia hivyo nilisahau kutafsiri. Nilitaka kujua waliishia wapi. Bwana Hobbs akasema hatasema, mtu akasome mwenyewe. Nikayatazama masanduku yale yaliyopangwa ukutani, nikahisi kiu ambayo Patroba hana chupa yake.

Ndipo mvua ikakoma. Hivi, ghafla, kama mtu amefunga bomba. Na Patroba hakungoja. Alikwenda akafungua milango yote miwili, jua likaingia.

"Haya, mvua imeisha!" akatangaza kwa upole wa mwizi. "Wale wa safari ndefu, barabara ni hiyo. Mama zangu, mtafika na giza."

"Patroba, kaa chini!" nikafoka.

"Mzee, kwani nimemfukuza mtu? Nimefungua mlango. Ukumbi unahitaji hewa."

Wanawake wakaanza kunyanyua vyungu. Dauda akatazama saa yake. Wazee wa nyuma walisimama, mmoja mmoja, kwa ile aibu ya watu wanaoondoka. Nilikiona kiti changu chumbani kikigeuka kreti la bia.

Bwana Hobbs naye aliona. Alizikunja zile karatasi akazitia mfukoni mwa koti. Alipozungumza tena hakupaza sauti, na alisema kama anayejisemea.

"Mkewe alikufa asubuhi," akasema, nami nikatafsiri. "Jioni ile watu walikuwa wamemngojea ukumbini, wamejaa. Akapanda jukwaani akawachekesha mpaka wakaanguka vitini. Hakuwaambia kitu. Kisha akaenda nyuma ya pazia akaketi. Nyanya yangu, dada yake, alimkuta huko asubuhi. Bado alikuwa amevaa koti hili."

Nilitafsiri hayo na sikuongeza kitu. Mnaonijua mtajua ni jambo la ajabu kiasi gani.

Roda alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja nje. Akaurudisha.

"Huyo aliyekaa nyuma ya pazia," akauliza, "nani alilia na yeye?"

Nikamwuliza Hobbs. Hobbs akasema hajui. Huenda hakuna mtu.

"Na alipokufa yeye, nani alivaa nguo yake?"

"Hakuna. Iliwekwa kabatini."

"Miaka hamsini!" Roda akageukia watu. "Mnasikia? Mtu amekufa, nguo yake imefungiwa kabatini miaka hamsini kama mwizi! Halafu mnabeba vyungu mnaenda?" Vyungu vikashuka. Akaja mbele, akamtazama Bwana Hobbs kutoka chini kwenda juu, safari ndefu kwa shingo yake. "Wewe, nyanya yako ni dada ya marehemu?"

"Ndiyo," nikamjibia Hobbs baada ya kumwuliza.

"Basi wewe ni mwihwa! Mtoto wa upande wa dada! Mbona hamkusema tangu mwanzo? Tunakaa hapa kama watu hawana mwenyewe, kumbe mwihwa yuko! Vua koti."

"Anasema nini?" Hobbs akaniuliza.

"Anasema vua koti," nikasema, maana nilikuwa nimechoka kuwa mwerevu.

Akavua. Roda akalivaa, likamfika visiginoni. "Alikuwa anatembea namna gani?" Hobbs, bila kujua anaulizwa kwa nini, akaonyesha: mguu wa kushoto mzito kidogo, na kabla ya kusema neno la kuchekesha, mkono unakuna sikio. Roda akatazama mara moja tu. Kisha akamgeukia Patroba.

"Njoo hapa, mteja. Ndevu zako ni aibu."

Kabla Patroba hajaelewa, alikuwa amekalishwa kitini, na Roda amechota unga wa mama mmoja, akautia maji, akampaka mdomo wote. Akakuna sikio. Akaanza kumsimulia Patroba habari za Patroba: jinsi alivyomtoroka ng'ombe wa kupigana akapanda mti, kumbe mti ni mpapai, jinsi alivyoenda kuposa akasinzia, akaposewa nyanya wa binti. Patroba akijaribu kubisha, unga unaingia. "Huyu mteja hasemi kitu!" Roda akapiga kelele. "Kwa hiyo ni kweli!"

Ukumbi ukapasuka. Sijui nieleze vipi. Kuku watatu walitaga kwa mshtuko. Dauda kofia ilimtoka, akaikalia. Na Roda hakuwapa nafasi ya kupumua, akateremka chini kwa mikono na magoti, koti linaburuzika, akawa nyumbu anayeomba kura, anawanusa watu mmoja mmoja: "Mimi sina ahadi! Nichagueni mimi! Sina ahadi hata moja!" Na watu walewale waliokaa kimya kama nguzo walipoambiwa kisa hicho na mimi, mkalimani wa miaka yote ile, sasa walikuwa wanalala sakafuni. Protus alikuwa analia. "Nyumbu!" anasema. "Uuuwi, eti nyumbu!" Kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nilitamani kumpiga.

Kisha Roda akasimama. Akatembea, mguu wa kushoto mzito, mpaka kwenye pazia la jukwaa letu, akalivuta kidogo, akaketi nyuma yake. Tuliona bega moja tu la kijani. Hakufanya kitu kingine. Alikaa tu.

Kicheko kilikatika, na mama mmoja akaanza, mwingine akaitikia, mpaka ukumbi mzima ukamlilia Obadia kama tuliyekula naye jana. Bwana Hobbs alikuwa amefunika uso. Isukuti zikalia, na Protus akamwachia Serikali, ambaye aliingia kwa mlango mmoja, akapita katikati yetu kwa heshima, na kutokea kwa mlango wa pili akiwa na ubao wa mlango katika pembe zake. Hewa ya Patroba ikaongezeka.

Watu walikula. Hakuna aliyeondoka. Na Bwana Hobbs, macho mekundu, akapanda jukwaani akasema maneno matamu kuliko yote niliyowahi kutafsiri: "Nimemaliza."

Nikamtazama Patroba. Alikuwa anajikwangua unga kope. "Sawa, mzee," akasema. "Neno ni neno. Chumba ni ya vitabu."

Ningekufa dakika ile, ningekufa mshindi. Lakini Roda alikuwa bado amevaa koti.

"Mwihwa," akamwambia Hobbs, "sasa gawa."

Nilikuwa nimesahau. Kwetu matanga hayafungwi hivihivi. Ikija siku ya kufunga, mali ya marehemu inagawanywa mbele ya watu wote, na anayegawa ni mwihwa, kwa sababu yeye si wa ukoo ule na hana upendeleo. Roda alikuwa anafunga jambo lililokaa wazi miaka hamsini. Na mali ya Obadia ilikuwa imepangwa pale ukutani, katika masanduku.

"Anasema nini?" Hobbs akauliza.

"Anasema asante, kwaheri, twendeni nyumbani."

Lakini Roda hakuhitaji mkalimani. Alimshika Hobbs mkono, akampeleka kwenye masanduku, akamtia kitabu kiganjani, akamsogezea Protus. Hobbs akampa. Roda akamletea mama mwingine. Hobbs akampa. Uso wa kijana ule ukaanza kung'aa kama taa ya karabai.

"Mzee Sylvanus! Wanataka kusoma! Hawawezi hata kungoja chumba kifunguliwe!"

"Bwana Hobbs, acha! Hivi ni vya maktaba! Vinatakiwa vikae pamoja!"

"Wachukue, wachukue! Hivi ndivyo mjomba wangu alivyokuwa!"

Nikamgeukia Roda. "Mama, vitabu hivi ni vya chumba!"

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi? Mimi ni mkalimani!"

"Mkalimani harithi," akasema Roda.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilikimbia kutoka sanduku hadi sanduku kama kuku aliyeona kipanga. Mke wangu mwenyewe alipokea kitabu cha upasuaji wa farasi, akakifunga ndani ya leso. Dauda alipewa juzuu ya kwanza ya ile hadithi ya nyumba, kwa sababu ametoka mbali. "Alhamdulillahi," akasema, akaibusu. Na juzuu ya pili Roda alimpa nani? Patroba. Kwa sababu alipakwa unga, na aliyetumika matangani hatoki mikono mitupu.

Jua lilipoinama, chumba kilikuwa changu. Patroba mwenyewe alinikabidhi ufunguo. Tulipigilia kibao, MAKTABA, na rafu tatu nzuri za mbao za mvule. Kiti kimo. Dirisha limo. Mvua inanyesha kila alasiri kama nilivyotaka. Kitabu hakuna.

Bwana Hobbs alirudi kwao akiwa na furaha, anasema huku kila nyumba ina kitabu. Ni kweli. Lakini jaribuni kukiazima. Urithi hauazimwi. Utaenda Shinyalu, utakaribishwa, utakula obusuma na ingokho, utaambiwa jinsi marehemu Obadia alivyokuwa mtu mwema na alivyowapenda watu wa Shinyalu hasa, kisha kitabu kitatolewa kimefungwa kwa kitambaa, utakisomea palepale mbele ya familia, nao watakuwa wanakukatiza. Nimeongeza kilo na kupunguza subira.

Juzuu ya kwanza niliisoma Mumias, barazani kwa Dauda. Inaishia nyumba ikiwa katikati ya mto, maksai wamegoma, na ndugu mmoja amepanda juu ya paa na msumeno. Nilirudi Amalemba sijui kama nalala au naota. Kulipokucha nikaenda kwa Patroba, ambaye alikuwa amefungua kilabu chake nyumbani kwake, nyuma ya jiko.

Patroba hajui kusoma. Alikuwa amekalia kile kitabu.

"Nitakuachia usome, mzee," akasema. "Lakini kwa sauti, wateja wasikie. Na nikisema simama, unasimama."

Basi kila Jumamosi nasoma kilabuni, mimi niliyepigana ili pombe isipate chumba. Natafsiri nikisoma, moshi unaniingia machoni, na kila ukurasa Patroba anasema simama, ili awaeleze walevi kwa nini yule ndugu mkubwa ana haki. Siku moja tukakaribia mwisho. Nikageuza karatasi, nikakuta jalada. Ukurasa wa mwisho hakuna.

"Patroba!"

"Niko nayo," akasema, akipapasa mfuko wa koti lake. "Ukiimaliza hutakuja tena, mzee. Na wateja watakufuata. Hii tutaisoma siku nikifa, kwenye matanga yangu. Wewe ndiye utasoma. Nimeshawaambia watoto."

Ni mdogo wangu kwa miaka mingi, na ana shingo kama ya Serikali. Naomba, nabembeleza, namwita mulamwa ingawa hajaoa kwetu, hasikii.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeanza upya ukurasa wa kwanza, kwa amri yake, nikamsikia amekohoa. Nikainua kichwa haraka.

"Ni moshi tu, mzee," akasema Patroba. "Endelea."